Kilemba cha Ukoka: Wanawake Waliofunikwa na Usurealisti

Desemba 1929 jarida la La Révolution surréaliste lilitoa toleo lake la mwisho, na ndani yake mlikuwa na ukurasa mmoja unaoeleza mengi kuliko ilani yoyote. Katikati pana mchoro wa René Magritte: mwanamke aliye uchi, amesimama, uso kaugeuza pembeni. Amezungukwa na picha ndogondogo za wanaume 16 waliovaa suti na tai, kila mmoja kafumba macho. André Breton yumo, Louis Aragon yumo, na pia Paul Éluard, Max Ernst, Salvador Dalí, Luis Buñuel na Magritte mwenyewe. Walichokusudia si kigumu kukisoma: mwanaume hufumba macho, na mwanamke humjia ndotoni. Hakuna anayeonekana kuwa alijiuliza kama mwanamke yule naye hulala akaota.

Usurealisti ulizaliwa Paris mwaka 1924, Breton alipochapisha ilani yake ya kwanza. Waanzilishi wengi walikuwa vijana waliotoka kwenye Vita Kuu ya Kwanza wakiwa na hasira dhidi ya ustaarabu uliowapeleka kwenye mahandaki kwa jina la akili na maendeleo. Wakamsoma Freud, wakaandika bila kuizuia kalamu, wakachora ndoto, wakakutanisha vitu visivyokutana mchana. Walilichukia kanisa, jeshi na familia ya kitajiri yenye kujiheshimu. Mwaka 1931 waliwataka hata wananchi wa Paris wasuse maonyesho makubwa ya makoloni. Kwa msichana aliyetaka kuitoroka nyumba ya baba yake, hapakuwa na mlango mwingine uliokuwa wazi kiasi hicho. Ndiyo maana suala lao halitatuliki kwa kusema tu kwamba wanaume wale walikuwa madhalimu. Mlango ulikuwa wazi kweli. Kilichokuwa na mashaka ni kiti alichotengewa mgeni wa kike akishaingia.

Mwanzoni kiti hicho kilikuwa cha karani. Katika picha maarufu ya Man Ray ya mwaka 1924, wanaume wamemzunguka mshairi Robert Desnos anayesema maneno ya usingizini, na mbele ya taipureta ameketi Simone Kahn, mke wa Breton, akiyanasa. Miaka minne baadaye jarida lao lilichapisha mazungumzo marefu kuhusu mapenzi na tamaa za mwili, yaliyoendeshwa kwa uzito wa utafiti wa kisayansi. Katika vikao hivyo vya kwanza vilivyochapishwa, wanaume walijadiliana raha ya mwanamke pasipo mwanamke hata mmoja chumbani. Mtu anaweza kucheka, lakini wao hawakuwa wakitania.

Kisa cha Nadja kinatisha zaidi. Oktoba 1926 Breton alikutana barabarani, jijini Paris, na msichana aliyeitwa Léona Delcourt, maskini, mwenye maneno ya ajabu na mkono uliopenda kuchora. Waliandamana kwa siku chache. Yeye mwenyewe alijipachika jina Nadja, na kitabu cha Breton chenye jina hilo, kilichotoka mwaka 1928, kikawa nguzo ya harakati. Kitabu kinaonyesha baadhi ya michoro ya Delcourt, lakini kama dalili za roho yake, si kama kazi za msanii. Kilipotoka, mwenyewe alikuwa tayari amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927. Hakuachiliwa tena, akafia katika hospitali ya namna hiyo mwaka 1941. Breton alipanda jukwaa la fasihi ya Ufaransa. Jina halisi la mwanamke yule likabaki limefichwa kwa miongo mingi.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Wanawake wa usurealisti hawakusahaulika kwa sababu hawakuonekana. Walionekana kupita kiasi, kama mwili, kama uso, kama mpenzi, kama mwendawazimu mwenye uaguzi, kama mtoto asiyeharibiwa na shule. Walisifiwa kwa mashairi, wakapigwa picha, wakachorwa. Walivishwa kilemba cha ukoka. Anayesifiwa kuwa chemchemi ya ilhamu huwa amekwisha kuambiwa, kwa adabu, kwamba kazi yenyewe itafanywa na mwingine.

Fikra hiyo haikufa na ujana wa wanaume hao. Mwanahistoria wa sanaa Whitney Chadwick alipokuwa akikusanya habari za kitabu chake kuhusu wanawake wa usurealisti, alimtembelea Roland Penrose, mzee wa kundi la Uingereza, nyumbani kwake Sussex. Penrose alimweleza kwamba wanawake walikuwa na umuhimu kwa sababu walikuwa watia ilhamu wa wanaume, wasanii hawakuwa. Aliyasema hayo mtu aliyemwoa mshairi na msanii wa kolaji Valentine Penrose, kisha mpigapicha Lee Miller. Leonora Carrington alipoulizwa juu ya cheo hicho cha mtia ilhamu alijibu kwa ukavu kwamba hakuwa na muda nacho. Alikuwa ameshughulika kuasi familia yake na kujifunza kuwa msanii.

Haki itendeke: tofauti na makundi mengi ya wakati ule, wasurealisti waliwaonyesha wanawake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 majina yao yamo kwenye katalogi za maonyesho ya kimataifa. Katika maonyesho ya London ya mwaka 1936, Eileen Agar, mzaliwa wa Buenos Aires, aliingia akiwa mchoraji aliyejitegemea na kutoka akiwa msurealisti, kwa kuwa Penrose na mhakiki wa sanaa Herbert Read walikuja studio kwake, wakaipenda kazi yake, wakampa jina hilo. Lakini picha iliyobaki vichwani mwa watu kutoka maonyesho yale ni ya Sheila Legge, aliyesimama Trafalgar Square katika gauni jeupe huku kichwa chake chote kimefunikwa kwa maua ya waridi. Legge alikuwa mwanachama wa kundi, na alitengeneza kazi zake mwenyewe. Watu wanamkumbuka kama mwanamke asiye na uso.

Meret Oppenheim naye alifunikwa, yeye na kikombe chake. Mwaka 1936, akiwa na miaka 22, alikuwa mkahawani Paris pamoja na Picasso na Dora Maar, amevaa bangili aliyoivika manyoya. Mzaha ukazuka kwamba chochote kinaweza kuvikwa manyoya. Akaenda dukani, akanunua kikombe, kisahani na kijiko vya kawaida kabisa, akavifunika kwa ngozi ya swala. Mwaka huohuo kifaa hicho kilionyeshwa New York, na Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa likakinunua. Hakuna anayekitazama bila kuhisi manyoya mdomoni, na kwa hilo pekee kinastahili umaarufu wake. Jina lake la Kifaransa, linaloukumbusha mchoro mashuhuri wa Manet wa watu wanaokula nyasini, halikutoka kwa Oppenheim. Lilitoka kwa Breton. Umaarufu ukamwelemea. Baba yake, daktari mwenye asili ya Kiyahudi, hakuweza tena kufanya kazi Ujerumani ya Hitler, fedha zikakatika, naye Oppenheim akarudi Basel mwaka 1937, akaingia katika kipindi cha kujitilia shaka kilichodumu hadi mwaka 1954, takribani miaka 17. Alipozinduka alifanya kazi kwa miongo mitatu, michoro, sanamu, chemchemi ya maji katikati ya jiji la Bern, na bado wageni walikuja kumuuliza habari za kikombe.

Wapigapicha waliumia kwa namna nyingine, kwa sababu kazi ya chumba cha giza hufanywa na mikono miwili au minne na jina hubandikwa moja. Lee Miller aliwasili Paris mwaka 1929, akamwambia Man Ray kwamba yeye ndiye mwanafunzi wake mpya, akawa msaidizi wake, mpenzi wake na mshirika wake. Ile mbinu ya kuianika picha kwenye mwanga kabla haijasafishwa vizuri, hadi kingo za mwili zizungukwe na mstari mweusi, huhesabiwa kuwa alama ya Man Ray. Kwa masimulizi ya Miller, ilianza gizani alipohisi kitu kikimpitia mguuni, akawasha taa bila kufikiri. Baadaye aliolewa na Mmisri, akaishi Kairo, na mwaka 1937 karibu na Siwa akapiga picha ya jangwa kupitia wavu wa hema uliochanika, moja ya picha bora za usurealisti zilizopigwa popote. Vita vilipokuja alikwenda mstari wa mbele kama mwandishi wa Vogue, akapiga picha za kambi za Buchenwald na Dachau mara tu zilipokombolewa. Alifariki mwaka 1977. Ndipo familia yake ilipokuta darini masanduku yenye makumi ya maelfu ya negativu na picha ambazo mtoto wake wa kiume hakujua habari zake.

Dora Maar aliipiga picha Guernica hatua kwa hatua Picasso alipokuwa akiichora mwaka 1937, na bila kazi hiyo wataalamu wasingejua mchoro ule ulivyobadilika. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa picha ya Ubu, kiumbe mwenye magamba na kucha, na hakuwahi kukiri ni mnyama gani. Hata hivyo dunia ilimjua kwa uso aliochorwa na Picasso, mwanamke anayelia. Kituo cha Pompidou kilimfanyia maonyesho makubwa mwaka 2019, miaka 22 baada ya kifo chake.

Claude Cahun hakungoja kuchorwa na mtu. Alizaliwa Nantes mwaka 1894 kwa jina Lucy Schwob, akajipa jina lisiloonyesha kama ni mume au mke, akanyoa nywele, akajipiga picha katika sura za mwanajeshi, mwanasesere, mnyanyua vyuma mwenye midomo iliyopakwa rangi. Aliishi na kufanya kazi na Marcel Moore, jina la usanii la Suzanne Malherbe. Mwaka 1937 walihamia kisiwa cha Jersey. Wajerumani walipokikalia, wanawake hao wawili waliandika vikaratasi kwa Kijerumani, kama vimetoka kwa askari asiye na jina, wakavitia mifukoni mwa askari na ndani ya magari yao. Walikamatwa mwaka 1944, wakahukumiwa kifo, wakaondolewa adhabu hiyo, na kuachiliwa vita vilipomalizika. Wasurealisti wengi waliandika juu ya kuhujumu jeshi, hawa walilihujumu. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1992 ndipo François Leperlier alipotoa kitabu kilichomrudisha Cahun kwenye historia.

Vita viliusafirisha usurealisti hadi New York, na huko, Januari 1943, mkusanyaji wa sanaa Peggy Guggenheim alifanya jambo jipya: maonyesho ya wanawake pekee, 31 kwa jumla. Walikuwamo Frida Kahlo, Carrington, Oppenheim, Leonor Fini, Kay Sage. Waamuzi wengi walikuwa wanaume, na Max Ernst, wakati huo mume wa Guggenheim, ndiye aliyezunguka studio kukagua kazi. Alipofika kwa Dorothea Tanning aliona picha ambayo Tanning alijichora mwenyewe, kifua wazi, mbele ya msururu wa milango isiyokwisha, na miguuni kiumbe mwenye mabawa. Walicheza sataranji, na ndoa ya Guggenheim ikaishia hapo. Guggenheim alizoea kusema baadaye kwamba angewaalika wanawake 30 tu. Utani huo unarudiwa katika kila makala, makala hii ikiwamo, na ndio unaomgeuza Tanning kuwa kisa cha ndoa. Aliishi hadi miaka 101, akachora, akashona sanamu za vitambaa, akatoa vitabu vya mashairi uzeeni. Hakutaka hata kusikia maneno “msanii mwanamke”.

Waliochanua zaidi ni wale waliokwenda mbali na meza ya Breton. Carrington alikutana na Ernst London mwaka 1937, yeye akiwa na miaka 20, Ernst 46, wakaishi pamoja katika nyumba ya mawe huko Saint-Martin-d'Ardèche waliyoijaza sanamu na michoro. Wafaransa walimtia Ernst kizuizini kwa kuwa Mjerumani. Carrington alikimbilia Hispania, akili ikamtoka, akafungiwa hospitali ya Santander na kudungwa Cardiazol, dawa iliyomtupa katika degedege. Wasurealisti walikuwa wameutukuza wazimu wa mwanamke kama dirisha la maajabu. Carrington alirudi kutoka huko na kuuandika mwenyewe, kwa lugha kavu isiyoomba huruma, katika masimulizi yaliyochapishwa mwaka 1944. Tofauti kati ya kitabu hicho na Nadja ni tofauti kati ya aliyefungiwa ndani na aliyekuwa akipita nje ya ukuta.

Carrington alitoroka kupitia ubalozi wa Mexico mjini Lisbon kwa kuolewa na mwanadiplomasia Renato Leduc, na kufikia mwaka 1943 alikuwa Jiji la Mexico, ambako angeishi sehemu kubwa ya maisha yake hadi kifo chake mwaka 2011. Huko alikuta marafiki wawili wa kufa na kuzikana: Remedios Varo, mchoraji kutoka Hispania, na Kati Horna, mpigapicha kutoka Hungaria. Walilea watoto, walipika, walisoma elimu ya nyota na uganga, na jiko likawa maabara. Carrington alichora kwa rangi za kiini cha yai, kama mafundi wa zamani. Varo aliishi miaka mingi kwa kuchora matangazo ya kampuni ya dawa ya Bayer. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake hayakuja hadi mwaka 1956, naye akafa mwaka 1963. Katika mchoro wake mmoja wa mwaka 1960 mwanamke anatoka kwa mtaalamu wa nafsi akiwa ameshika ndevu za kichwa cha baba yake, yu tayari kukidondosha kisimani. Freud, aliyekuwa mtume wa harakati nzima, hajawahi kujibiwa kwa ufupi kuliko hivyo.

Kahlo alikuwa na jibu lake pia. Breton alimgundua Mexico mwaka 1938, ingawa mwenyewe hakuwa amepotea, akamwalika Paris. Alipofika mwaka 1939 alikuta michoro yake bado imelala forodhani, na Marcel Duchamp ndiye aliyeikomboa. Serikali ya Ufaransa ilinunua mchoro mmoja. Kahlo aliondoka akiwadharau wapiga domo wa mikahawani, na maisha yake yote akashikilia kwamba hakuchora ndoto, alichora mambo yaliyompata.

Nje ya Ulaya na Mexico kimya kilikuwa kizito zaidi. Kisiwani Martinique, Suzanne Césaire aliandika insha saba katika jarida la Tropiques kati ya mwaka 1941 na 1945, mwanzoni chini ya pua ya utawala wa Vichy, akiugeuza usurealisti kuwa silaha dhidi ya ukoloni. Breton aliandika insha kumtawaza mumewe, Aimé, kuwa mshairi mkubwa. Insha za Suzanne zilikusanywa kitabuni mwaka 2009, miaka 43 baada ya kifo chake. Nchini Misri, kundi la Sanaa na Uhuru lililoanza na ilani ya Desemba 1938 lilimkuza Inji Efflatoun, binti wa tabaka la juu aliyechora miti yenye makucha na wasichana wanaokimbia. Alikuja kuwa mkomunisti, akafungwa na serikali ya Nasser kuanzia mwaka 1959 hadi 1963, akawachora wafungwa wenzake. Na mwaka 1947 Baya, yatima kutoka Algeria ambaye hakuwa ametimiza miaka 16, alionyesha kazi zake katika jumba la Maeght, Paris. Breton aliandika utangulizi wa kumsifu, akimwona kama sauti ya Arabia ya kale yenye heri. Baya alikuwa Mwalgeria wa siku zake, aliyechora wanawake wenye macho makubwa, ndege na ala za muziki kwa rangi alizozichagua mwenyewe. Alipoolewa aliacha brashi kwa takribani miaka kumi. Alipoirudia, mwaka 1963, nchi yake ilikuwa huru.

Kitabu cha Chadwick kilitoka mwaka 1985, na tangu hapo hoja ya kwamba “hawakuwapo” imekufa. Yakafuata maonyesho ya Manchester mwaka 2009, Los Angeles 2012, Frankfurt 2020. Mwaka 2022 Maonyesho ya Venice yaliazima jina lake kutoka kitabu cha Carrington cha hadithi za watoto, na wengi mno wa wasanii wake walikuwa wanawake, miongoni mwao Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Kenya. Fedha zimefuata. Mei 2024 mchoro wa Carrington wa mwaka 1945 uliuzwa mnadani kwa dola milioni 28.5. Novemba 2025 mchoro wa Kahlo ulifika dola milioni 54.7, bei ya juu kuliko zote zilizowahi kulipwa mnadani kwa kazi ya mwanamke. Mwaka mmoja kabla, mchoro wa Magritte ulikuwa umevuka milioni 121.

Tofauti hiyo ya bei ni jambo dogo. Linalokera ni namna kazi zinavyouzwa. Vitabu, filamu na katalogi nyingi bado huanza na mapenzi na wazimu: nani aliachwa na Picasso, nani alilala na Ernst, nani alifungiwa wapi. Kilemba ni kilekile, ila safari hii kinavishwa na wanaojiita watetezi. Rangi za Varo zilivyokwanguliwa kwa ncha kali, utaratibu wa vichekesho katika hadithi za Carrington, siasa iliyomo ndani ya sentensi za Suzanne Césaire, hayo huachwa kwa wataalamu. Msomaji anayetaka kuanza aanze na zile insha saba, maana zinasomeka kwa siku moja, kisha atafute michoro ya Efflatoun ya gerezani na kazi za Baya, zilizo karibu naye kijiografia kuliko Paris. Habari za Max Ernst zinaweza kusubiri.